Nairobi hadi New York: Kwa Nini Saa 15?

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787 Dreamliner iliruka kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta, ikatua New York asubuhi yake bila kusimama popote. Kabla ya hapo msafiri alibadilisha ndege London, Amsterdam, Dubai au kwingineko, na safari ilimla siku nzima. Ndege hazikukosekana, shirika hilo lilikuwa na Dreamliner tangu 2014. Kilichosubiriwa ni idhini ya Marekani kuhusu usalama wa anga, nayo Kenya iliipata Februari 2017.

Safari hiyo ilipangiwa saa 15 kwenda na 14 kurudi. Umbali ni ule ule, takriban kilomita 11,800. Sasa hiyo saa moja inakwenda wapi?

Inaliwa na upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, hupita mikondo ya upepo mkali utokao magharibi kwenda mashariki, na wakati mwingine kasi yake huzidi kilomita 300 kwa saa. Anayekwenda Marekani anakutana na mbisho, anayerudi anasukumwa. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa nne na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida hukaribia saa saba.

Njia yenyewe nayo inashangaza. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari utapita karibu na pwani ya Mauritania. Lakini dunia ni mviringo, na njia fupi kabisa hupinda kaskazini: inakatiza Sahara, na katikati yake inaangukia Morocco, si mbali na Marrakech. Kufuata rula kungeongeza zaidi ya kilomita 300.

Halafu kuna Nairobi yenyewe. Uwanja wake uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi, kwa hiyo mabawa na injini hupata nguvu pungufu. Ndege iliyosheheni mafuta ya saa 15 huruka kwa urahisi zaidi usiku, hewa ikiwa imepoa. Uwanja wa Mombasa, ulio karibu na usawa wa bahari, hauna shida hiyo.

Kwingineko, siasa pia hurefusha njia. Tangu Urusi ilipoyafungia anga yake mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Finnair kutoka Helsinki hadi Tokyo imepanda kutoka saa tisa hivi hadi kama 13.

Kinachowachanganya wengi, hata hivyo, ni saa ya ukutani. Ndege ikiruka Nairobi saa sita usiku na kukaa angani saa 15, Nairobi itakuwa saa tisa alasiri, ilhali New York ni saa mbili asubuhi, au saa moja wakati wa baridi. Kwa hiyo unapokwenda kumpokea mgeni, usitoe tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika: tiketi huandika saa za kila mji, si muda wa safari.