Mshipa gani? Mambo ya kujua kabla ya kunyooshwa mgongo

Kwa Kiswahili tuko na neno "mshipa" lenye kubeba mizigo mingi. Njia ya damu ni mshipa. Neva yenye kupeleka habari toka ubongoni mpaka kwenye kidole, nayo mshipa. Kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, wengi wanaiita mshipa pia. Basi kijana akisema "mshipa umenikamata mgongoni," bado hatujajua ni kitu gani kinauma. Na kama hatujajua, tunatibu nini?

Tuanze na wale wa kunyoosha mgongo. Kiropraksia ilizaliwa Marekani, mji wa Davenport, jimbo la Iowa, mwaka wa 1895. Daniel David Palmer alibonyeza mgongo wa Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi mwenye masikio mazito, kisha akatangaza kwamba kusikia kwake kumerudi. Toka pale alifundisha kwamba karibu magonjwa yote yanatoka kwenye pingili za mgongo zenye kuhama na kusumbua neva. Fundisho hilo sayansi haikulithibitisha. Lakini kazi ya mikono yenyewe iko na faida ya kadiri. Mwaka wa 2017, American College of Physicians, chama cha waganga wa Marekani, kiliiweka kati ya njia zisizo za dawa zenye mtu anaweza kujaribu kwa maumivu mapya ya kiuno, pamoja na joto na masaji. Tukumbuke pia kwamba maumivu mingi ya namna hiyo yanapunguka yenyewe kisha wiki chache.

Sasa, kuna kitu mikono haiwezi kuona vizuri: neva inafanya kazi ao hapana? Hapo umeme unasaidia. Mwaka wa 1791, Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha majaribio yake yenye kuonyesha kwamba mguu wa chura aliyekufa unaruka ukiguswa na umeme. Kumbe neva na msuli zinasemezana kwa umeme! Kipimo cha leo kinafuata njia hiyo, na kiko na sehemu mbili.

Ya kwanza, munganga anabandika vipande vidogo kwenye ngozi, anapitisha kuran kidogo kwenye neva, kisha anahesabu muda wa habari kufika. Neva nzima ya mkono inakimbia karibu meta 50 kwa sekunde ao zaidi. Kama mwendo unapunguka tu pale kwenye kifundo cha mkono, basi neva imebanwa pale, si shingoni.

Ya pili inaitwa elektromiografia. Sindano nyembamba inaingia ndani ya msuli, na mashini inasikiliza. Msuli wenye kupumzika unapaswa kunyamaza. Lakini msuli wenye kukatwa na neva yake unatoa sauti ndogo ndogo wenyewe, kama mvua juu ya mabati. Inauma kidogo, inavumilika.

Juu ya nini hii ni muhimu? Tuseme mwanafunzi anaamka usiku, kidole gumba na viwili vya jirani vimekufa ganzi. Akiambiwa "ni shingo," anaweza kunyooshwa shingo miezi mingi, na neva inaendelea kubanwa kwenye kifundo, mpaka nyama ya chini ya kidole gumba inakonda. Kumbe mwanzoni kufunga kifundo usiku kungeweza kumsaidia, ao baadaye upasuaji mdogo.

Lakini kipimo kiko na mipaka. Neva ikiumia leo, dalili za sindano zinachukua wiki 2 mpaka 3 kuonekana. Ukipima mapema mno, utadanganyika. Tena hakipimi maumivu: mtu anaweza kuumia kweli na kipimo kikatoka safi.

Tusichanganye pia na mashini nyingine, yenye kubandikwa tu juu ya ngozi ya mgongo na kuchora rangi kwenye kioo. Ofisi fulani za kiropraksia zinaitumia. Mwaka wa 2000, American Academy of Neurology, chama cha waganga wa neva, kiliichunguza na kuona haifai kwa kutambua ugonjwa wa neva ao wa kiuno. Rangi nyekundu isikuuzie seansi 20.

Mashini ya kweli haiko kwa kila hospitali. Hata hivyo, munganga mwenye nyundo ndogo na mikono yake anaweza kujua mingi. Umuulize: ni neva gani? Ni msuli gani umepoteza nguvu? Na kipimo kitabadilisha matibabu namna gani? Kama jibu la swali la tatu ni "hakuna," uchunge pesa yako.

Ila kuna wakati wa kutongojea kipimo wala kunyooshwa: mguu ao mkono unazidi kulegea, ganzi imeingia katikati ya mapaja, ao mkojo na choo vimekushinda. Siku hiyo hiyo, hospitali. Pale kuchelewa siku chache kunaweza kumfanya mtu alemae maisha yote. Mwenye kusoma amjulishe mwenzake.