Rangi mpya, malengelenge yale yale: kwa nini Hiace ya mjomba iliharibika

Mjomba wangu yupo Nachingwea. Ana Hiace ya zamani ambayo aling'oa viti vya nyuma, akaweka godoro na rafu ya bidhaa. Msimu wa minada ya korosho hulala humo humo, akizunguka vijiji vya Nachingwea na Ruangwa kuuza nguo. Mwaka juzi tuliipaka rangi wenyewe, uani. Ilipendeza kweli! Lakini mvua za Desemba zilipoanza, juu ya tairi la nyuma yakatokea malengelenge kama ya mtu aliyeungua. Ukibonyeza, yanatoa maji. Chini yake, kutu.

Tulidhani rangi ilikuwa feki. Kumbe kosa lilikuwa letu. Kama na wewe una gari la zamani unalotaka kulipaka rangi nyumbani, soma hii kabla hujanunua kopo la kwanza.

Maji yalipitaje?

Chuma hupata kutu kikikutana na maji pamoja na oksijeni. Chumvi ikiwepo, kazi inakwenda haraka zaidi, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na kutu ni mmenyuko wa elektroni kuhama.

Sasa, rangi ya gari hata ikikauka vizuri huruhusu unyevu kidogo kupenya. Ikiwa chini yake kumebaki chumvi, inatokea osmosisi, ile ile uliyosoma sekondari: maji hupita kwenye utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Ndiyo maana zabibu kavu ukiziloweka zinafura. Lengelenge la rangi linafura hivyo hivyo.

Chumvi inatoka wapi? Kwenye jasho la mikono yako, kwenye safari za pwani kule Lindi, na hata Japani. Magari mengi ya mtumba yanatoka huko, na kwenye maeneo ya theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke.

Osha kwanza, msasa baadaye

Ukianza na msasa, unasugua uchafu na kuuingiza kwenye mikwaruzo. Na kwetu uchafu si vumbi jekundu tu. Kuanzia mwezi wa sita hivi wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, na unga ule unatua kila mahali. Jaribu hivi: nyunyiza salfa kidogo kwenye glasi ya maji. Itaelea. Dondosha sabuni ya maji, itaanza kuzama. Salfa haiyeyuki kwenye maji na maji hayaishiki. Sabuni ndiyo inayoyawezesha kuilowesha. Kwa hiyo, gari likipigwa maji matupu bado halijaoshwa.

Kutu itoke yote

Hapa ndipo tulipokosea. Tulipitisha brashi ya waya juu juu, tukapaka puti, tukasawazisha. Kutu ina vitundu vingi vinavyotunza unyevu na chumvi, na huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikiendelea kukua inaisukuma rangi juu. Kwangua hadi chuma king'ae. Ukikuta tundu, fundi akate, achomelee bati jipya. Kisha suuza kwa maji safi na ukaushe mara moja.

Tumia msasa wa maji, usisugue pakavu. Rangi za zamani, hasa njano na nyekundu, huenda zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo. Uani kwako ndipo wanapocheza. Waondoe, tandika turubai, kusanya tope lote, na usichome magamba ya rangi.

Praima siku hiyo hiyo

Chuma kitupu huanza kupata kutu ndani ya saa chache kukiwa na unyevu, kwa hiyo usikiache kilale hivyo. Praima ya epoksi hushika chuma vizuri na kupunguza maji yanayopenya. Na hapa kuna jambo la kututoa kifua: baadhi ya hadina za epoksi, zikiwemo zinazotumika kwenye meli, hutengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, yale yale yanayobabua mikono ya wabanguaji.

Ila tahadhari: rangi nyingi za kuchanganya na hadina zina aisosayaneti, kemikali inayoweza kukuletea pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakizuii mvuke wake. Rangi hizo mwachie fundi mwenye vifaa kamili vya kupumulia.

Saa ngapi upake?

Usiku bati hupoteza joto kuelekea angani, likawa baridi kuliko hewa, na umande ukatua. Mafundi wa viwandani hutaka bati liwe na joto angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa sisi tusio na vipimo: anza kama saa nne asubuhi, bati likishakauka kabisa, na maliza mapema alasiri. Fanyia kivulini, maana kwenye jua kali tina huruka kabla rangi haijatandaa. Na waulize majirani kama kuna anayepuliza salfa siku hiyo.

Mwaka huu tumerudia. Kuosha, kukwangua na kusuuza kumetuchukua siku nne. Kupaka rangi yenyewe, nusu siku. Mjomba alilalamika sana siku ya tatu. Mvua zikianza, mimi na yeye tutakwenda kubonyeza pale pale juu ya tairi.