Rehani Kigali: Kusajili ni haraka, kurekebisha kunataka jicho

Sekta ya benki Kigali imepita katika miungano mikubwa ndani ya miaka michache. Agosti 2021 kundi la KCB la Kenya lilikamilisha ununuzi wa hisa nyingi za Banque Populaire du Rwanda, na mwaka uliofuata likaiunganisha na kampuni yake tanzu ya hapa ikawa BPR Bank Rwanda. Mwaka 2023 Equity nayo ikainunua Cogebanque, kisha zikawa benki moja. Mteja wa kawaida aliona kibao kipya mlangoni na kadi mpya mfukoni. Idara za mikopo zina hesabu nyingine ya kufanya kila benki zinapoungana. Kila nyumba, lori au mashine iliyowekwa dhamana ina kumbukumbu kwa Msajili Mkuu, na kumbukumbu hiyo inamtaja mkopeshaji. Mkopeshaji akibadilika, kumbukumbu hurekebishwa. Ikisharekebishwa, lazima mtu aifungue tena rejesta aone kama kilichoandikwa ndicho kilichoombwa.

Hatua hiyo ya mwisho haitajwi kwenye matangazo ya benki wala kwenye hotuba za mazingira ya biashara, lakini ndiyo inayoamua nani atalipwa biashara ikianguka. Kigali imeipa rejesta ya dhamana nguvu ambayo nchi nyingi hazijathubutu kuitoa, na kadiri rejesta inavyokuwa na nguvu ndivyo kosa ndani yake linavyokuwa ghali.

Mfumo ulivyojengwa

Ofisi ya Msajili Mkuu iko ndani ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, iliyoundwa mwaka 2008 na yenye makao yake Gishushu, Kigali. Mei 2009 zilitoka sheria mbili: moja ya rehani za mali isiyohamishika, nyingine ya dhamana za mali inayohamishika. Hii ya pili iliandikwa upya Mei 2013. Chini yake mfanyabiashara anaweza kuweka dhamana shehena, mitambo, madai anayowadai wateja wake, hata mali ambayo bado hajaipata.

Sifa zilikuja upesi. Ripoti ya Doing Business ya Benki ya Dunia ya 2010 iliitaja Rwanda kinara wa mageuzi duniani, baada ya kupanda kutoka nafasi ya 143 hadi ya 67. Katika toleo la 2020, ambalo lilikuwa la mwisho, nchi ilishika nafasi ya 38 kwa jumla lakini ya 4 katika upatikanaji wa mikopo. Benki ya Dunia ilizisitisha ripoti hizo mwaka 2021 ilipobainika kuwa takwimu za nchi kadhaa zilikuwa na kasoro. Rwanda haikuwa miongoni mwao. Hata hivyo, kipimo kile kilitazama ubora wa sheria na upana wa taarifa za wakopaji. Kama kilichosajiliwa kinabaki sahihi miaka mitano baadaye, hilo halikuwa swali lake.

Nguvu ya mfumo ina mihimili mitatu. Wa kwanza ni ardhi. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda ilipima na kuandikisha viwanja zaidi ya milioni 10, na kila kimoja kikapewa nambari yake ya pekee, UPI, inayoonyesha mkoa, wilaya, sekta, seli na kiwanja chenyewe. Wa pili ni utekelezaji. Mkopaji akishindwa kulipa, benki yenye rehani iliyosajiliwa haihitaji kwanza hukumu ya mahakama. Inamwendea Msajili Mkuu, anayetoa idhini ya kuuza na kuteua msimamizi wa mauzo, na siku hizi mnada hufanyika mtandaoni. Kumbukumbu ya rejesta inafanya kazi ambayo kwingine ingefanywa na hakimu.

Mhimili wa tatu ni mpya. Tangu Januari 2023 hati za ardhi hutolewa kwa njia ya elektroniki. Zamani afisa mikopo alijipa moyo kwa kuwa hati ya karatasi ilikuwa kwenye sefu ya benki: hata kama usajili ulikuwa na kasoro, mteja asingeweza kuuza kiwanja bila ile karatasi. Faraja hiyo imeondoka. Kilichobaki kumlinda mkopeshaji ni kile kinachosomeka kwenye mfumo.

Mkopo hautulii

Ni makosa machache tu yanayotokea siku ya kwanza. Siku hiyo wakili yupo, notaria yupo, afisa mikopo yuko macho kwa sababu fedha hazitoki mpaka usajili ukamilike. Hatari huja mkopo unapoanza kubadilika.

Chukua mwenye kituo cha kuoshea kahawa anayekopa kabla ya msimu, maana mavuno yakianza mnamo Machi wakulima wanataka fedha taslimu. Dhamana yake ni kiwanja, mashine za kumenya na shehena ya kahawa iliyokaushwa. Bei ikipanda, anaomba kuongezewa mkopo: kiasi kilichosajiliwa lazima kibadilike. Akinunua mashine mpya na kuuza za zamani, orodha ya mali inabadilika. Akigawa kiwanja ili amuuzie ndugu yake sehemu, nambari ya zamani ya UPI inaisha na zinazaliwa mpya mbili. Benki ikikubali kuachia moja, inabidi iseme ipi. Akihamia benki nyingine kwa riba nafuu, dhamana inahama. Na akimaliza deni, usajili unapaswa kufutwa.

Hapo kuna matukio matano, na kila moja linagusa rekodi ambayo mtu mwingine atakuja kuitegemea. Katika mengi yao hakuna fedha inayosubiri kutoka, kwa hiyo hakuna anayeona haraka ya kuangalia. Anayeomba marekebisho hupokea uthibitisho kwamba ombi limepita, anauweka kwenye jalada, anaendelea na kazi nyingine. Uthibitisho huo unaonyesha tu kwamba ofisi imepokea na kuingiza kilichoandikwa. Kama aliyeandika alikosea, uthibitisho utabeba kosa lilelile likiwa na tarehe na nambari rasmi.

Dola bilioni 1.5 kwa fomu moja

Mfano maarufu kuliko yote haukutoka Afrika. Mwaka 2008 kampuni ya magari ya General Motors ilikuwa inamaliza mkataba wa ukodishaji wenye thamani ya takriban dola milioni 300, na benki ya JPMorgan ilikuwa msimamizi wa wakopeshaji. Mawakili wa General Motors walitakiwa kuandaa karatasi za kuondoa dhamana za mkataba huo kwenye rejesta ya jimbo la Delaware. Utafutaji ukaleta sajili tatu, na zote tatu zikaingizwa kwenye orodha ya kufutwa. Mbili zilihusu ukodishaji ule. Ya tatu ilihusu mkopo mwingine kabisa wa mwaka 2006, wa dola bilioni 1.5, ambao ulikuwa bado haujalipwa.

Karatasi zilipita mikononi mwa mawakili wa pande zote mbili na benki yenyewe. Hakuna aliyeifungua nambari ya tatu kuona ilikuwa ya nini. Oktoba 2008 zikawasilishwa, na General Motors ilipoomba ulinzi wa kufilisika Juni 2009, wadai wengine wakasema mkopo ule mkubwa hauna tena dhamana ya usajili huo. JPMorgan ilijitetea kwamba haikukusudia kuufuta. Mahakama ya Juu ya Delaware ilijibu Oktoba 2014 kwamba kinachotazamwa ni kama mkopeshaji aliidhinisha karatasi kuwasilishwa, wala si alichodhani kilikuwa ndani yake. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilifuata msimamo huo Januari 2015. Mabishano yalimalizwa kwa suluhu mwaka 2019, wakopeshaji wakakubali kurudisha dola milioni 231.

Sheria ya Delaware haitumiki Gishushu, lakini mazoea ya kazi yaliyozaa kosa lile yako kila mahali: kijana wa ofisini anaandaa orodha, mkubwa wake anaipitisha kwa kuamini, na upande wa pili unaitia saini kwa kuwa umeletewa na watu wa kuheshimika.

Nambari dhidi ya jina

Kuna jambo moja ambalo Rwanda imejipanga vizuri zaidi ya Marekani. Rejesta za majimbo ya Marekani hutafutwa kwa jina la mkopaji, na kosa dogo la herufi katika jina la kampuni linaweza kuufanya usajili usionekane, hivyo usiwe na nguvu. Nchini Rwanda mtu ana kitambulisho cha taifa chenye tarakimu 16, kampuni ina nambari yenye tarakimu 9 ambayo pia ndiyo ya mlipakodi, na kiwanja kina UPI. Majina ya Kinyarwanda yanayofanana, ambayo yangeleta vurugu kubwa katika utafutaji wa jina, hayasumbui sana hapa.

Lakini nambari nayo ina udhaifu wake. Jina lililoandikwa vibaya linamshtua msomaji. Tarakimu moja iliyopinduka haimshtui mtu. Ikiwa ombi la kuachia kiwanja limetaja UPI ya kiwanja jirani, mfumo utaikubali kama nambari halali ikiwa nayo imo kwenye dhamana za mkopo huohuo. Ndiyo maana wenye uzoefu katika kazi hii hawaridhiki kulinganisha nambari na nambari. Wanaifungua nambari na kusoma kilicho nyuma yake: mmiliki ni nani, eneo liko wapi, mkopo gani unaoungwa mkono, kiasi gani.

Uhakiki mzuri una hatua nne. Kabla ya kuwasilisha, rekodi ya awali inasomwa yote, kwa sababu rekebisho hukaa juu ya rekodi fulani na lazima rekodi hiyo iwe yenyewe. Kisha upeo unaandikwa kwa lugha isiyo na utata: tunaachia kiwanja hiki tu, au tunafuta usajili wote? Baada ya kuwasilisha unafanyika utafutaji mpya, kama ambavyo mkopeshaji mgeni angefanya. Mwisho, utafutaji huo unasomwa na mtu ambaye hakuandaa ombi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa benki huhesabu muda wa mfanyakazi wa pili kama gharama.

Jirani zetu

Kenya ilipitisha sheria yake ya dhamana za mali inayohamishika mwaka 2017, Uganda ikafuata mwaka 2019 na rejesta yake ikawekwa chini ya ofisi ya usajili wa biashara, URSB. Zote mbili zimechukua mtindo wa taarifa: mkopeshaji anaingiza taarifa mwenyewe mtandaoni, na msajili hana wajibu wa kuchunguza ukweli wake. Tanzania bado inategemea sana usajili wa dhamana za kampuni kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, ambako Sheria ya Makampuni ya 2002 inatoa siku 42 tangu dhamana kuundwa.

Mkopeshaji mwenye wateja Kigali, Kampala na Nairobi anashughulika na rejesta ambazo hazijaunganishwa, kila moja na fomu zake. Lori linalobeba mizigo kutoka Mombasa hadi Kigali linaweza kuwa na dhamana iliyoandikwa nchi moja na deni la ziada nchi nyingine. Rekebisho likifanyika upande mmoja, upande wa pili hautaambiwa na mfumo wowote. Kwa sasa anayeunganisha taarifa hizo ni afisa wa benki, akikumbuka.

Anayeumia ni nani

Benki kubwa ina mawakili wa kudumu na inaweza kumeza hasara moja. Chama cha akiba na mikopo cha Umurenge, yaani cha ngazi ya sekta, katika mfumo wa vyama ulioenea nchi nzima, kina wafanyakazi wachache wanaofanya kila kitu. Na chini yao yupo mkopaji mwenyewe. Mfanyabiashara wa Nyabugogo anayemaliza deni hupewa barua ya kwamba hadaiwi, anaona akaunti imefungwa, na ofisi ya taarifa za mikopo ya TransUnion inaonyesha amelipa. Hakuna kati ya hayo linalofuta rehani. Kufutwa kunahitaji ombi la mkopeshaji kwa Msajili Mkuu, na mkopeshaji aliyekwisha kulipwa hana sababu ya kukimbilia huko. Kwa kanuni ya aliyetangulia kusajili hutangulia kulipwa, benki ya pili itamwona kama mtu ambaye nyumba yake imeshashikwa, na itapunguza mkopo au kuukataa. Wakati huohuo riba za mikopo nchini huzunguka asilimia 16, kwa hiyo wiki chache za kusubiri zina bei.

Sheria ya mfano iliyotolewa na tume ya sheria za biashara ya Umoja wa Mataifa mwaka 2016 inaelekeza njia: rejesta impelekee mkopeshaji nakala ya kila taarifa iliyoingizwa, naye aifikishe kwa aliyetoa dhamana. Rwanda ina nyenzo za kwenda mbali zaidi ya hapo. Kitambulisho cha mkopaji kimo kwenye rekodi, na wananchi wamezoea kupata huduma za serikali kwa simu kupitia jukwaa la Irembo. Ujumbe mfupi kwa mkopeshaji na mkopaji kila rekodi inapoguswa, ukitaja mali na kilichobadilika, ungewapa watu wawili wenye maslahi tofauti nafasi ya kusoma jambo moja. Mkopaji angelalamika kiasi kikizidi. Benki ingelalamika kiwanja kikiachiwa kimakosa.

Mpaka hapo, wajibu unabaki kwa wenye mikopo. Benki inayoungana na nyingine ihakiki dhamana zake zote kwa utafutaji mpya, si kwa orodha iliyorithi. Mkopaji anayelipa awamu ya mwisho adai vitu viwili kwa pamoja: barua ya kumaliza deni na uthibitisho wa rejesta kwamba usajili umefutwa. Cha pili ndicho benki itakayofuata itakachokitazama.