Pikapu Kubwa na Lita Moja ya Petroli

Katika nchi ya Marekani ni jambo la kawaida kukuta nyumba moja yenye magari mawili: motokaa ndogo ya kwendea kazini, na pikapu kubwa ya kubebea mizigo. Chukulia kwamba kila moja huenda kilomita 10,000 kwa mwaka. Motokaa ndogo, iliyokuwa ikienda kilomita 15 kwa lita moja ya petroli, yabadilishwa kwa nyingine iendayo kilomita 20 kwa lita. Pikapu, iliyokuwa ikienda kilomita 5 kwa lita, yatunzwa na kuendeshwa kwa uangalifu hata ikafikia kilomita 6 tu. Je, ni badiliko lipi lililookoa petroli nyingi zaidi?

Wengi watajibu upesi kwamba ni la motokaa ndogo, kwani nyongeza ya kilomita 5 yaonekana kubwa kuliko nyongeza ya kilomita 1. Hesabu yasema vingine. Motokaa ilikuwa ikitumia lita 667 kwa mwaka na sasa yatumia lita 500. Imeokoa lita 167. Pikapu ilikuwa ikitumia lita 2,000 na sasa yatumia lita 1,667. Imeokoa lita 333, yaani maradufu. Kwa kuwa kila lita ya petroli inayoungua hutoa kiasi cha kilo 2.3 za hewa ya kaboni dioksidi, badiliko hilo dogo la pikapu limezuia pia zaidi ya kilo 750 za hewa hiyo zisiingie angani.

Kosa hili la fikra lilichunguzwa na Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke, ambao maelezo yao yalitoka katika jarida la Science mwaka 2008. Chanzo chake ni kupima umbali unaopatikana kwa lita moja, badala ya kupima lita zinazohitajiwa kwa umbali maalumu. Ndiyo maana lebo ya mafuta inayobandikwa kwenye magari mapya huko Marekani, kuanzia yale ya mwaka 2013, huonyesha pia galoni zinazotumika kwa kila maili 100. Fundisho lake ni dhahiri: gari linalokunywa sana ndilo lenye akiba kubwa iliyojificha. Inafaa basi kuchunguza petroli ya pikapu huenda wapi.

Msukosuko wa mwaka 1973

Suala hili lilipata uzito mwezi Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao yasiuzwe Marekani na bei ikapanda duniani kote. Tarehe 2 Januari 1974 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria iliyoweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani karibu kilomita 89, katika barabara kuu za nchi nzima. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1995. Mwishoni mwa mwaka 1975 ilipitishwa sheria nyingine iliyowataka watengenezaji kupunguza matumizi ya mafuta ya magari yao. Motokaa za abiria ziliwekewa shabaha ya maili 27.5 kwa galoni ifikapo mwaka 1985, sawa na kilomita 11.7 hivi kwa lita. Pikapu ziliwekewa viwango vyake vyenyewe, vilivyokuwa vya chini zaidi. Hata hivyo watu hawakuziacha. Kuanzia mwaka 1977 na kwa miongo kadhaa iliyofuata, pikapu za Ford za mfululizo wa F ziliongoza kwa mauzo miongoni mwa magari ya mizigo nchini humo.

Nishati hupotelea wapi?

Lita moja ya petroli ina nishati ya kiasi cha megajouli 32. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutoka ikiwa joto, kwa njia ya rejeta na bomba la moshi. Nyingine humezwa na msuguano wa ndani ya injini na wa gia. Kwa makadirio, robo moja tu, yaani megajouli 8, hufika kwenye magurudumu.

Injini kubwa inayofanya kazi ndogo huongeza hasara hiyo. Pikapu tupu iendayo kilomita 90 kwa saa katika barabara tambarare huhitaji kilowati 18 hivi, ilhali injini yake aghalabu yaweza kutoa zaidi ya kilowati 200. Dereva akikanyaga mafuta kidogo tu, kilango cha hewa cha injini ya petroli hubaki kimefunguka nusu, na pistoni hulazimika kuvuta hewa kwa shida, mithili ya mtu anyonyaye maji kwa mrija uliobanwa.

Kani mbili za safari

Gari likienda kwa mwendo usiobadilika juu ya barabara tambarare, megajouli zile 8 hutumika kupingana na kani mbili. Ya kwanza ni ukinzani wa matairi, ambao hutokea kwa sababu mpira hubonyea na kujinyoosha kila gurudumu linapozunguka. Kani hii hulingana na uzito, wala haibadiliki sana kwa mwendo. Kwa pikapu ya kilo 2,300, ikiwa kani hiyo ni sehemu moja katika mia ya uzito wa gari, jumla yake ni nyutoni 225 hivi.

Ya pili ni ukinzani wa hewa. Huu hutegemea ukubwa wa uso wa gari, umbo lake, na mraba wa mwendo. Pikapu kubwa ina uso mpana na bonneti iliyosimama wima. Zidisha uso wa mita za mraba 3.25 kwa kipeo cha umbo cha 0.4, upate 1.3. Kwa hewa yenye kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo, kani ya hewa ni nusu ya 1.2, mara 1.3, mara mraba wa mwendo. Matokeo ni haya:

Mwendo wa mita 20 kwa sekunde (km 72 kwa saa): hewa nyutoni 312, matairi 225, jumla 537, lita 6.7 kwa kilomita 100.

Mwendo wa mita 25 kwa sekunde (km 90 kwa saa): hewa nyutoni 488, matairi 225, jumla 713, lita 8.9 kwa kilomita 100.

Mwendo wa mita 30 kwa sekunde (km 108 kwa saa): hewa nyutoni 702, matairi 225, jumla 927; lita 11.6 kwa kilomita 100.

Barabarani matumizi huwa makubwa zaidi, kwa sababu ya milima, upepo, breki na injini isiyopata moto. Lakini uwiano wa tarakimu hizi waeleza jambo lenyewe. Dereva anayeshuka kutoka kilomita 108 hadi 90 kwa saa huchelewa dakika 11 tu katika safari ya kilomita 100, na huokoa lita 2.7. Ni vigumu kupata kifaa chochote cha dukani kinachoshinda mguu mwepesi.

Mlango wa nyuma: ufunguliwe au ufungwe?

Madereva wengi wameamini kwamba mlango wa nyuma wa bodi ukiteremshwa, upepo hupita bila kuzuiwa na mafuta hupungua. Majaribio ya handaki la upepo yameonyesha kwamba sivyo. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hunaswa ndani ya bodi na kuzunguka polepole, na hewa ipitayo juu ya paa huteleza juu ya kizingia hicho kana kwamba bodi imefunikwa. Mlango ukiteremshwa, kizingia hicho huvurugika, na mara nyingi ukinzani huongezeka. Turubai lililokazwa vizuri juu ya bodi laweza kuupunguza kidogo. Kinyume chake, keria ya juu ya paa na matairi makubwa ya kuinulia gari huuongeza.

Breki na uzito

Mjini sura ya mambo hubadilika. Pikapu ya kilo 2,300 iendayo mita 20 kwa sekunde ina nishati mwendo ya jouli 460,000. Dereva akifunga breki hadi kusimama, nishati yote hiyo hugeuka kuwa joto kwenye breki. Kusimama mara 17 kwa namna hiyo ni sawa na kumwaga karibu lita moja ya petroli. Dereva aonaye taa nyekundu mbele akaondoa mguu mapema, gari likapungua mwendo lenyewe, huokoa sehemu ya lita hiyo pasipo gharama.

Wahandisi nao wameshughulikia kila mlango wa upotevu. Ford F-150 ya mwaka 2015 ilitengenezwa kwa bodi ya alumini badala ya chuma, na uzito ukapungua kwa hadi kilo 318. Mwaka 2017 baadhi ya pikapu hizo zilipewa gia 10, ili injini izunguke polepole gari liwapo kasini. Katika Chevrolet Silverado ya mwaka 2019 baadhi ya injini za silinda nane zaweza kuzima silinda zisizohitajika kwa mipangilio 17, hivyo chache zinazobaki zifanye kazi kwa ufanisi zaidi. F-150 ya mwaka 2021 ilipata aina yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ambayo hurudisha katika betri sehemu ya nishati ya breki.

Yaliyo mikononi mwa dereva

Mwenye pikapu ya zamani hana haja ya kungoja uvumbuzi. Matairi yajazwe upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kile cha ubavuni mwa tairi, ambacho ni kikomo cha juu kabisa. Matairi yaliyolegea yakijazwa ipasavyo, akiba yaweza kufika asilimia 3. Injini izimwe gari linaposimama kwa muda mrefu, kwani injini kubwa inayonguruma bure huweza kumaliza lita moja au zaidi kwa saa.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: pikapu ileile ikipakiwa kilo 500, lita ngapi zitaongezeka kwa kilomita 100 katika barabara kuu? Kani ya hewa haibadiliki ikiwa mzigo haukuzidi kimo cha bodi. Kani ya matairi huongezeka kwa nyutoni 49, nayo ni sawa na lita 0.6 tu. Jibu hilo lina maana kubwa kuliko tarakimu yake. Nusu tani ya mzigo husafirishwa kwa chini ya lita moja, ilhali pikapu yenyewe, ikiwa tupu, hula karibu lita tisa ili kujisafirisha. Akiba iliyo kubwa kuliko zote hupatikana kabla ufunguo haujazungushwa, mwenye magari mawili anapojiuliza kama safari ya leo ina mzigo wowote wa kubeba.