Kompyuta Ikidai Kadi Ifomatiwe, Usikubali Upesi

Kompyuta za mezani za zamani bado zinatumika katika saiba, shule na ofisi za vikundi. Taabu huanza mkazi anapochomeka kadi ya memori yenye picha za mazishi, za harusi au za mipaka ya shamba, na kompyuta ikaandika kwamba kadi ni lazima ifomatiwe kwanza. Bonyeza "hapana". Kufomati kutafuta picha hizo, na mara nyingi kadi yenyewe haina hitilafu yoyote.

Soma maandishi yaliyo juu ya kadi. Kadi za SD za mwanzo hukomea GB 2. Zenye alama ya SDHC, zilizoanza mwaka wa 2006, hufika GB 32. Zile za SDXC, zilizotangazwa 2009, huzidi hapo. Zote zina umbo moja na huingia tundu lilelile, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Kisoma kadi kilichoundwa kabla ya SDHC hakiwezi kuielewa, hata ukiipangusa na kuirudisha mara kumi. Kadi ndogo ya simu nayo ni vivyo hivyo, kwani adapta hubadilisha umbo tu.

Wakati mwingine kisoma kadi ni kizima, tatizo ni programu. Kadi za SDXC hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa exFAT, ambao Windows XP haiusomi bila kuongezewa sasisho lake. Windows 7 huusoma moja kwa moja.

Jaribu kadi hiyo kwenye kompyuta mpya zaidi. Ikisomeka, nakili picha zako papo hapo. Kama hakuna, iache kadi ndani ya simu, unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, kisha uchague kuhamisha faili. Hapo simu ndiyo inayosoma kadi, na mara nyingi njia hii hufaulu bila gharama. Ukiamua kununua kisoma kadi cha nje cha USB, hakikisha kimeandikwa SDXC. Hicho husoma pia kadi za zamani. Kwenye tundu la USB la kitambo kitafanya kazi polepole tu.

Kadi inayofunguka lakini inakataa kuandikwa, tazama kitufe kidogo ubavuni mwa adapta: huenda kimesukumwa upande wa kufunga. Na kadi isiposomeka popote, hata kwenye simu, usiandike chochote juu yake. Mpelekee fundi, na umwambie mapema kwamba unachotaka ni picha, si kadi.