Mashine ya Kidole na Daftari la Karani: Kwa Nini Mfanyakazi Asome Mifumo ya Habari



Katika tawi letu hapa Arua tulipatwa na jambo ambalo wengi wenu mtalitambua. Mwajiri alifunga mashine ya kidole mlangoni. Tangu siku hiyo karani hakuita tena majina asubuhi; kila mtu aliweka kidole, taa ya kijani ikawaka, akaingia. Mwisho wa mwezi watu 11 walikuta wamekatwa siku. Mmoja wao ni mama wa idara ya kuchambua, aliyekatwa siku 6 ambazo wenzake wote walimwona kazini. Tulipokwenda ofisini kuuliza tulijibiwa neno moja tu: mashine ndiyo inayosema. Tukarudi mikono mitupu. Haki tulikuwa nayo, lakini swali la kuuliza hatukuwa nalo.

Swali lilitoka Mvara. Huko anakaa mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akisoma kwa simu kozi ya chuo kuhusu mifumo ya habari katika mashirika. Baadhi yetu tulimcheka, tukidhani anajifunza kupiga chapa. Yeye ndiye aliyetuambia, "Msiulize mashine imesema nini. Ulizeni inafanya nini ikimkataa mtu." Baada ya hapo nami nikajiandikisha, na makala hii ni ya kueleza kozi hiyo ni kitu gani na yatufaa nini sisi.

Neno "habari" hapa si habari za redio. Ni yale mambo ambayo shirika lolote huyaandika ili liweze kuendesha kazi: nani amekuja, amechuma kilo ngapi, ghalani kumebaki magunia mangapi, nani anadai likizo. Mfumo ni njia nzima ambayo mambo hayo hupita, tangu yanapoandikwa hadi yanapoamua jambo. Ndani yake wamo watu, kanuni, maandishi na vyombo. Kompyuta ni chombo kimoja tu, na mfumo waweza kuwapo bila hiyo kompyuta.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika walikijua kipande. Ilikuwa karatasi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi ya siku hutiwa alama, na mshahara hutoki mpaka alama zitimie. Nyapara akikataa kutia alama, siku hiyo haikuwapo, hata kama jasho lako bado halijakauka. Huo ulikuwa mfumo wa habari kamili. Baba zetu waliotoka West Nile kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi nao siku zao zilikuwa mikononi mwa mwenye kalamu. Kilichobadilika sasa ni kwamba kalamu imeingia ndani ya sanduku, na huoni mkono unaoishika.

Mkono upo lakini. Hili ndilo somo ambalo mimi nililiona la maana kuliko yote katika kozi. Programu ya kompyuta ni amri zilizoandikwa na mtu, na kila amri ina uamuzi ndani yake. Chukueni mfano wa mizani ya majani ya chai. Mchumaji anapima mara 3 kwa siku. Tuseme programu imeamriwa kutupa vipande vya kilo na kuandika kilo nzima tu. Kwa wastani kila mpimo utapoteza kama nusu kilo. Kwa siku ni kilo moja na nusu, na kwa siku 26 za kazi ni kilo 39. Hakuna karani aliyeiba. Mizani yenyewe ni sahihi. Hata hivyo kilo 39 zimechumwa na hazikulipwa, kwa sababu mtu fulani ofisini aliandika kanuni na hakuna aliyemwuliza.

Kozi yenyewe huanza na mambo manne: kinachoingia, kinachofanyiwa kazi, kinachotoka, na jibu linalorudi kusahihisha makosa. Hilo la nne ndilo mashirika mengi husahau. Huko Uingereza lilisahauliwa kwa gharama kubwa mno, na kisa hicho kila mwanachama yafaa akijue.

Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kuweka katika matawi yake mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Punde waendeshaji wa matawi madogo wakaanza kuonekana wamepungukiwa na fedha. Posta ikasema kompyuta haikosei, kwa hiyo mwenye tawi ni mwizi. Wengi waliopiga simu kuomba msaada waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye taabu hiyo, ilhali mamia ya wenzao walikuwa wakipiga simu hiyohiyo. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa gerezani, na wapo waliotoa mfukoni mwao kulipa fedha ambazo hazikupotea kabisa. Waendeshaji 555, wakiongozwa na Alan Bates, waliishtaki Posta, na Desemba 2019 jaji akaamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo wa uongo. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu. Miezi michache kabla ya uamuzi huo wa 2019, jaji yuleyule alikuwa amesema pia kwamba chama kilichodai kuwasemea waendeshaji hakikuwa huru mbele ya Posta. Sisi viongozi wa matawi tuyasome maneno hayo mara mbili.

Sasa turudi mlangoni kwetu. Mashine ya kidole hupima mistari ya ngozi, ikaigeuza kuwa namba, kisha ikalinganisha namba hiyo na ile iliyowekwa siku ya kwanza. Kidole kilicholika kwa kazi, chenye nyufa, majivuno ya maji au utomvu, huwa kigumu kusomeka. Maana yake ni kwamba karani wa ofisini husomeka vizuri, na mwenye kushika gunia hukataliwa. Vilevile anayeifunga mashine ndiye anayechagua iwe kali kiasi gani.

Tulirudi ofisini na maswali matatu. Mashine ikimkataa mtu, kanuni inasema afanye nini? Je, mashine inaweka orodha ya waliokataliwa? Na umeme ukikatika inakuwaje? Kwa swali la kwanza hapakuwa na kanuni yoyote. Askari wa mlangoni alikuwa akiwafungulia tu watu waingie, bila kuandika. Kwa swali la pili jibu lilikuwa ndiyo. Orodha ilipotolewa, yule mama alionekana ameweka kidole mara nne, mara tano, kila asubuhi ya zile siku 6.

Kozi hufundisha pia namna za kubadili mfumo: kukata wa zamani siku moja, kuingia idara baada ya idara, au kuendesha wa zamani na mpya pamoja kwa muda na kulinganisha. Hiyo ya mwisho ina gharama, maana karani anafanya kazi mara mbili. Lakini kama daftari lingeendelea mwezi mmoja tu kando ya mashine, tofauti ingeonekana kabla ya mshahara kukatwa. Kwa maoni yangu kila mkataba wa hiari utakaotiwa sahihi na chama uwe na kifungu hicho.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa hati ya mshahara inayoonyesha makato. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba aonyeshwe habari zake zilizoshikwa na taasisi, na alama ya kidole ni mojawapo.

Kuhusu kusoma kwenyewe, nisiwadanganye kwamba ni rahisi. Kozi nyingi ni za Kiingereza, na sura ya kwanza niliisoma kwa wiki mbili. Picha za video humaliza bando upesi, na tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12. Mimi hupakua maandishi tu, na video tunaitazama watu watatu kwa simu moja. Umeme umekuwa afadhali tangu West Nile ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2023. Angalieni pia saa. Chuo kikiwa mashariki ya Marekani, mwisho wa kupeleka kazi ukiandikwa saa sita usiku, hapa kwetu ni saa moja au saa mbili asubuhi ya siku inayofuata, wakati zamu ya mchana imekwisha kuanza. Mara moja nilidhani nimechelewa, nikakesha bure.

Jambo la kuhadhari ni cheti. Cheti cha kumaliza kozi moja si diploma wala shahada. Kabla ya kulipa ada, ulizeni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama chuo kinatambuliwa. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, Baraza lilitoa mwongozo wa kufundisha kwa mbali wakati wa dharura, na tangu hapo vyuo vya nchini vimezoea zaidi njia hiyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa mwaka 1992, kimekuwa kikifundisha watu walio mbali tangu mwanzo. Na anayetaka kukaa darasani, Chuo Kikuu cha Muni kipo hapa hapa Arua, nacho kina masomo ya mifumo ya habari.

Katika wale watu 11, 7 wamelipwa siku zao kwa sababu majina yao yalikuwa katika orodha ya waliokataliwa. Wanne waliobaki walikuja kazini siku ambazo mashine ilikuwa imezimika, kwa hiyo haina lolote la kusema juu yao. Daftari la karani limerudishwa mlangoni tangu mwezi uliopita. Shauri la hao wanne bado liko mezani, na tumeomba daftari la askari la siku hizo liletwe.