Vijana Wembamba na Uwanja Mpana

Wasikilizaji, jioni ya leo nataka kuwaelezeni habari za mchezo ambao wengi wenu hamjauona, nao ni mpira wa Kimarekani, upendwao sana katika shule za sekondari za nchi ile. Jina lake lisiwadanganye. Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili, nao huchukuliwa mikononi au kurushwa. Kila upande una watu 11. Wenye mpira hupewa majaribio manne ili wasonge mbele yadi 10. Wakishindwa, mpira huwa wa wenzao.

Zamani desturi ilikuwa washambuliaji kusongamana katikati, bega kwa bega, na kumfungulia njia kwa nguvu mwenzao aliyeshika mpira. Desturi hiyo huifaa shule yenye vijana wengi, tena wenye miili. Je, shule yenye vijana wachache na wembamba ifanyeje?

Swali hilo lilimkabili Bwana Rusty Russell mwaka 1927, alipokwenda kufundisha katika Masonic Home, shule ya mayatima mjini Fort Worth, katika jimbo la Texas. Jawabu lake lilikuwa katika uwanja wenyewe. Upana wa uwanja ule ni yadi 53 na thuluthi, na watu walikuwa wakigombania kipande kidogo tu cha katikati. Basi aliwatawanya vijana wake, wengine akawasimamisha mbali pembeni, tayari kukimbia na kudaka mpira.

Yeyote aliyepata kufukuza kuku uani atafahamu maana yake. Kuku wakiwa kundi moja, huwazuia kwa mikono miwili. Wakitawanyika, hujui umfuate yupi. Mlinzi mzito aliyezoea kusukumana sasa hana budi kukimbia, na katika kukimbia uzito wake haumsaidii. Walinzi wakiwafuata wale wa pembeni, katikati hubaki wazi, na mwenye mpira hupita hapo. Wakirudi kujaza katikati, mpira hurushwa pembeni. Kwa hiyo mrushaji huwahesabu walinzi kwanza, ndipo achague.

Lakini mwalimu asidhani kwamba kutawanya watu ni dawa. Mpira uliorushwa vibaya hudakwa na adui, na hasara yake ni kubwa kuliko ya kuangushwa ukiwa na mpira mkononi. Tena wale wanaomkinga mrushaji wamebaki wachache, nao wakilegea kidogo tu yeye huangushwa kabla hajarusha. Shule isiyo na kijana mmoja mwenye mkono hodari na macho mepesi, na isiyo na subira ya kurudia zoezi lile lile kila siku, nadhani ni heri ikae na desturi ya zamani.

Vijana wa Masonic Home walikuwa na subira hiyo. Mwaka 1932 walifika mchezo wa mwisho wa kugombea ubingwa wa shule za Texas, wakapambana na Corsicana. Mchezo ukaisha hakuna aliyepata hata pointi moja. Ubingwa ulipewa Corsicana, kwa sababu walikuwa wamepenya mara nyingi zaidi karibu na mstari wa mwisho wa wenzao. Lakini kuuvuka mstari wa mayatima hawakuweza.